Ukikatizwa katikati ya ukaguzi wa ndege, unaanza upya au unaendelea ulipoishia?

Kipanga_Mdogo aliuliza:

Ndugu marubani, wakufunzi na mafundi wa ndege, salaam kwenu nyote.

Mimi ni mwanafunzi wa urubani katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na ndege ninayojifunzia ni Cessna 172. Nimekwisha ruhusiwa kuruka peke yangu, kwa hiyo siku nyingi ukaguzi wa kabla ya kuruka ninaufanya bila mkufunzi kuwa karibu. Orodha ya ukaguzi ninayo mkononi na hatua zake ninazifahamu. Kinachonitatiza ni mambo yanayoingia katikati ya kazi hiyo.

Nitoe mfano wa asubuhi ya kawaida. Nimepanda ngazi, nimefungua kifuniko cha tangi la bawa la kushoto na kutumbukiza kijiti cha kupimia mafuta, mara kijana wa gari la mafuta ananiuliza kwa sauti kama naongezewa, na ni lita ngapi. Nikishuka na kwenda mbele kuangalia oili, anapita rubani mstaafu ambaye sote pale uwanjani tunamheshimu kama mzazi. Haiwezekani nimwache apite bila kumwamkia, na baada ya shikamoo hufuata habari za masomo, za nyumbani na za wazazi, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Hapo simu bado haijaita, na mwanafunzi mwenzangu hajaja kuuliza ndege itarudi saa ngapi ili naye aichukue.

Mwongozo wa ndege unaeleza kwa undani mambo ya kukagua, lakini hausemi nifanye nini ninapokatizwa. Wenzangu wengine husema ukikatizwa uanze upya kuanzia mlangoni, wengine husema uendelee pale ulipoishia mradi unapakumbuka. Naomba wenye uzoefu mnieleze lipi ni sahihi na kwa nini, na pia mtu anawezaje kulinda umakini wake bila kuonekana amekosa adabu mbele ya wakubwa.

Mwalimu_Kisongo alijibu:

Hongera, kijana wangu, kwa kufikia hatua ya kuruka peke yako. Umeuliza jambo ambalo wengi hawaliulizi hadi wamekwisha pata leseni.

Nianze na hayo maneno ya wenzako, "mradi unapakumbuka", maana hapo ndipo penye hatari. Kukatizwa peke yake hakumdhuru mtu. Kinachomdhuru ni namna anavyorudi kazini baada ya kukatizwa. Watafiti wa kituo cha Ames cha NASA, kule California, wamechunguza kwa miaka mingi jinsi marubani wanavyokatizwa na kusahau, na wanaeleza kwamba akili ya binadamu ni dhaifu sana katika kukumbuka jambo aliloliahirisha kwa muda mfupi, hasa pale ambapo hakuna kitu mbele ya macho yake cha kumkumbusha kwamba kazi haijaisha. Kazi inayorudiwa kila siku kwa mpangilio uleule nayo huacha kumbukumbu zinazofanana mno. Ukijiuliza kama ulikikaza kifuniko cha tangi, utauona kabisa mkono wako ukikikaza, kumbe unachokiona ni cha jana. Tena nia ya kufanya jambo hukaa akilini kama vile jambo lenyewe limekwisha fanyika. Ndiyo maana mtu anayeendelea "pale alipoishia" mara nyingi huanzia hatua moja mbele, na hatua inayorukwa ni ileile aliyokuwa akiifanya alipoitwa.

Tazama mfano wako wa tangi. Bawa la Cessna 172 liko juu, kwa hiyo ukiwa chini kifuniko hukioni. Ukikilaza juu ya bawa, ukageuka kumjibu kijana wa mafuta, ukashuka kwenda kumwonyesha karatasi, hakuna chochote pale chini kitakachokurudisha juu ya ngazi. Ndege ikiwa hewani mgandamizo wa hewa juu ya bawa hupungua, na mafuta hunyonywa kupitia tundu hilo lililo wazi hadi tangi likauke mapema kuliko hesabu yako ya safari. Kwa hiyo wanafunzi wangu nimewawekea sharti moja: kifuniko kikishafunguliwa, hakitoki mkononi na hajibiwi mtu yeyote mpaka kirudishwe na kukazwa. Kijana wa mafuta atasubiri nusu dakika, na hatakasirika.

Mfano mkubwa zaidi ni wa ndege ya abiria, lakini akili ya rubani ni ileile awe kwenye ndege ya watu wanne au ya watu mia moja na sabini. Tarehe 20 Agosti 2008 ndege ya Spanair aina ya MD-82 ilianguka Madrid ilipokuwa ikiruka, na watu 154 wakafariki. Marubani walikuwa wamekwisha kwenda kwenye njia ya kurukia, wakarudi kwa sababu ya hitilafu ya kipimajoto, wakachelewa, kisha wakaanza maandalizi upya. Orodha ya baada ya kuwasha injini ilipofikia kipengele cha flapi, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa kuisaidia ndege kupaa, rubani mkuu alimwambia msaidizi wake aombe ruhusa ya kuondoka maegeshoni. Kipengele hicho hakikusomwa, flapi hazikushushwa, na king'ora cha kuwaonya hakikulia. Ombi lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa, na ndivyo usumbufu unavyokuwa karibu kila mara: hauji na sura ya hatari.

Sasa nijibu ulichouliza. Mimi huigawa ndege katika sehemu tano, yaani chumba cha rubani, mkia, bawa la kulia, pua na bawa la kushoto. Ukikatizwa ndani ya sehemu, ianze upya sehemu hiyo yote, hata kama una uhakika. Sipendi kumwambia mwanafunzi aanze mlangoni kila anapokatizwa, kwa sababu kwenye uwanja wenye shughuli nyingi sharti zito kiasi hicho litamfanya ajisemee moyoni kwamba "huku hakukuwa kukatizwa", na hapo sharti limekwisha kufa. Sehemu moja hurudiwa kwa dakika moja au mbili, na hakuna atakayeona uvivu kuirudia.

Rubani_wa_Nyika alijibu:

Naafikiana na Mwalimu kuhusu kumbukumbu, lakini kwenye suala la kuanza upya ninatofautiana naye kidogo, na nina la kusema kuhusu adabu.

Kazi yangu ni kurusha Cessna Caravan kwenye viwanja vya vumbi vya Mara na Serengeti. Huko rubani anakuwa peke yake na kila mtu anamhitaji yeye. Dereva wa kambi anataka kujua abiria wapande lini, abiria anataka kupigwa picha karibu na propela, mwingine amekuja na sanduku gumu ilhali aliambiwa alete begi laini lisilozidi kilo 15, na watoto wa jirani wamekuja kuitazama ndege. Nikienda kushughulikia sanduku hilo na kurudi baada ya dakika kumi, swali si tena kama nakumbuka nilipoishia. Inawezekana ndege niliyoiacha si hii niliyoikuta. Mtu anaweza kuwa ameufungua mlango wa mizigo na kuurudishia bila kufunga komeo, mtoto anaweza kuwa ameishika flapi, gari linaweza kuwa limerudi nyuma hadi karibu na mkia. Kwa hiyo ukiwa umeipa ndege kisogo, au watu wameisogelea wakati wewe hupo, anza upya yote bila kujali sehemu. Kanuni ya sehemu ya Mwalimu naikubali pale ambapo ulibaki umesimama pale pale na ndege iko machoni mwako.

Ndege ikilala porini tahadhari huongezeka. Wakongwe wetu walikuwa wakiizungushia boma la miiba ili fisi wasitafune matairi, na mimi bado asubuhi nayakagua matairi kwa kupiga goti, siyo kwa kuyatupia jicho huku nikiongea na mlinzi.

Kuhusu mzee wako anayepita. Salamu zote zimalizike kabla hujaigusa ndege. Mimi nikifika huwafuata abiria walipo, nawapa mkono mmoja mmoja, najibu maswali yao, kisha nawaambia: "Sasa naenda kuizunguka ndege na sitazungumza na mtu mpaka nimalize. Ila mkiona hatari yoyote, niiteni hata kwa kupiga kelele." Sentensi hiyo ya pili usiisahau, kwa maana hutaki mtu aone mafuta yanavuja akanyamaza kwa kukuheshimu. Mzee akitokea ukiwa umekwisha anza, mwamkie palepale mkono ukiwa umebaki kwenye kile unachokikagua, umwambie: "Shikamoo mzee. Niko kwenye ukaguzi, nikimaliza nitakuja kukusalimia vizuri." Kisha ukimaliza nenda kweli, hata kama unachelewa. Ukimwendea, hatakuona mkosefu wa adabu. Na kwa kuwa naye alikuwa rubani, nina hakika atakuheshimu zaidi kwa kumwacha asubiri kuliko kwa kuacha oili ukamfuate.

Kuna kanuni moja ambayo watu huitaja sana bila kuona mpaka wake. Mwaka 1981 Marekani iliwapiga marufuku marubani wa mashirika ya ndege kuzungumza au kufanya lolote lisilohusu usalama wa ndege inapokuwa ikitembea ardhini, ikiruka, ikitua, na katika sehemu kubwa ya safari iliyo chini ya futi 10,000. Miongoni mwa yaliyosababisha kanuni hiyo ni ajali ya mwaka 1974 huko Charlotte, ambako marubani walikuwa wakipiga soga za siasa na magari wakati wa kushuka kwenye ukungu. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini inaanza kazi ndege ikianza kutembea. Ile robo saa unapoizunguka ndege kwa miguu haimo, kwa hiyo mpaka wake ni lazima uuweke wewe mwenyewe na uutangaze kwa sauti.

Jambo la mwisho kwangu ni mzunguko wa pili. Baada ya kumaliza orodha yote, na baada ya abiria kukaa, narudi nyuma hatua kadhaa na kuizunguka ndege nzima bila karatasi, nikiitazama kwa mbali. Hapo sikagui skrubu. Naangalia vitu vikubwa tu: milango, vifuniko vya matangi, vizuizi vya magurudumu, kamba za kufungia mabawa, na kwa Caravan vile viziba vya matundu ya hewa ya injini na mkanda wa kufungia propela.

Fundi_Hanga alijibu:

Wakubwa wamesema vizuri. Niongeze la upande wetu wa karakana, kwa sababu fundi hukatizwa kuliko rubani, na rubani hurithi matokeo yake.

Mwaka 1993 mtaalamu wa usalama wa anga wa Kanada, Gordon Dupont, aliorodhesha vyanzo kumi na viwili vya makosa ya kibinadamu katika matengenezo ya ndege, na kukatizwa ni mojawapo. Ushauri unaofundishwa hadi leo katika kozi zetu ni kwamba ukirudi kwenye kazi, rudi nyuma hatua tatu kabla ya kuendelea. Hatua tatu zinaufunika ule mruko wa hatua moja alioueleza Mwalimu na kubakiza akiba. Kwenye ukaguzi mfupi kama wa Cessna 172, sehemu nzima ya Mwalimu na hatua zetu tatu hukaribia kuwa kitu kilekile, kwa hiyo sioni haja ya kubishana.

Ninachotaka akishike mwenye swali ni hiki: usitegemee kichwa chako kushikilia alama, iweke kwenye ndege yenyewe. Kazi isiyoisha ionekane kwa mbali kwamba haijaisha. Ngazi ikae chini ya tangi lililo wazi mpaka lifungwe. Kijilango cha oili kibaki kimesimama wazi mpaka kijiti kirudishwe na kukazwa. Ufunguo wa magneto, yaani kifaa kinachotoa cheche za kuwashia injini, ukae juu ya dashibodi, unapoonekana kupitia kioo, ili wewe na kila mtu mjue kwamba hauko kwenye swichi. Na hata hivyo msiiamini propela ya injini ya pistoni, kwa maana waya wa magneto ukiwa umekatika, injini inaweza kuwaka kwa kusukumwa tu kwa mkono. Pini ya kufungia usukani, kifuniko cha mrija wa pito (ule wa kupimia mwendo wa ndege) na chuma cha kuvutia ndege viwe na utepe mwekundu mrefu, na vikitolewa vyote viwekwe mahali pamoja panapoonekana. Kifuniko ulichokitia mfukoni huku ukijibu simu hakitakuambia kama kile cha pili bado kiko nje.

Nieleze kwa nini nasisitiza kuonekana. Tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú, Boeing 757, iliondoka Lima usiku huku matundu yake ya kupimia mgandamizo wa hewa yakiwa yamezibwa kwa utepe. Yalizibwa wakati wa kuisafisha ndege, tena kwa utepe wa kawaida wa kubandikia badala ya ule wa rangi kali. Aliyeusahau ni fundi, msimamizi hakuuona, na rubani aliyeizunguka ndege gizani naye hakuuona. Vipimo vya kimo na mwendo vikawapa marubani habari zinazopingana hadi wakaanguka baharini, na watu wote 70 wakafa. Tundu kama hilo kwenye Cessna 172 liko ubavuni upande wa kushoto, mbele ya mlango, dogo kiasi kwamba anayekagua huku akizungumza hulipita kila siku bila kulitazama.

Mafuta nayo yana mtego wake, hasa kwa mnaoruka Malindi, Ukunda, Zanzibar na kwingineko pwani, ambako unyevu ni mwingi na tangi lisilojaa hutengeneza maji usiku. Cessna 172 za toleo jipya zina vituo 13 vya kuchotea mafuta ya kupima, vitano kila bawa na vitatu chini ya tumbo. Ukikatizwa ukiwa na kikombe mkononi, hutajua umefikia cha ngapi, kwa hiyo rudia bawa lote. Tena tazama rangi, siyo tu kama kuna tone limezama chini. Petroli ya ndege ya 100LL ni ya buluu. Kikombe kikijaa maji matupu hutaona mstari wowote wa kutenganisha, utaona kitu safi kisicho na rangi, na mtu mwenye haraka atakimwaga akiridhika.

Kipanga_Mdogo aliandika:

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nitaandika sehemu tano za Mwalimu kwenye kadi yangu, na maneno ya kumwambia mzee nimekwisha yashika.

Yamebaki mawili. La kwanza, orodha yangu iko kwenye simu, na simu hiyohiyo ndiyo inayoita. La pili nalisema kwa heshima: mara nyingine anayenikatiza ni mkufunzi mwenyewe, ambaye huja katikati ya ukaguzi na kuniuliza maswali ya nadharia. Je, inafaa kumwambia asubiri?

Mwalimu_Kisongo alijibu:

La simu ni jepesi. Tumia kadi iliyochapishwa, na simu uizime au uiache ndani ya begi kabla hujafungua mlango wa ndege. Kama ni lazima utumie orodha ya kwenye simu, iondoe kwanza kwenye mtandao. Kuzima sauti hakutoshi, kwani ujumbe unaotokea juu ya orodha unakukatiza hata ukiwa kimya.

La mkufunzi nalijibu kama mkufunzi. Inafaa kabisa kumwambia, na namna ya kumwambia ni hii: "Mwalimu, nikimaliza bawa hili nitakujibu." Mkufunzi anayejua kazi yake atafurahi. Mamlaka ya anga ya Marekani imekuwa ikiwaelekeza watahini wamsumbue mtahiniwa makusudi wakati wa mtihani wa kuruka, ili waone kama ataendelea kuishika ndege kwanza, na huenda mwalimu wako naye anakupima hivyo hivyo. Mkufunzi akikasirika kwa kuambiwa asubiri, mwache akasirike umalize bawa.

Niongeze kitu ambacho hakikuguswa. Hata ukikatizwa mara zote na kukosea mara zote, upo ukaguzi mmoja unaobaki kati yako na njia ya kurukia, nao ni wa usukani. Mwaka 1935, tarehe 30 Oktoba, ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka Wright Field huko Ohio kwa sababu vifungio vya usukani wa mkia havikuwa vimefunguliwa, na kutokana na ajali hiyo ndipo marubani wa jeshi la Marekani walipoanza kutumia orodha za ukaguzi. Karibu miaka themanini baadaye, tarehe 31 Mei 2014, ndege ya Gulfstream ilishindwa kuruka huko Bedford, Massachusetts, kwa sababu ileile ya kifungio, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu za ndege hiyo walikuta kwamba katika safari 175 zilizotangulia, marubani hao hawakuwa wamefanya ukaguzi kamili wa usukani kwa asilimia 98 ya safari.

Kwa hiyo ukiwa umesimama kabla ya kuingia njia ya kurukia, zungusha usukani kushoto hadi mwisho na utazame eleroni (vibao vya nyuma ya ncha za mabawa vinavyoinamisha ndege kushoto au kulia) za mabawa yote mawili, zungusha kulia hadi mwisho utazame tena, vuta, sukuma huku ukigeuza shingo kuutazama mkia, kisha bonyeza pedali zote mbili. Waongozaji wa ndege wa mnarani wakikuita ukiwa katikati, waambie wasubiri. Ukishawajibu, anza tena kushoto.